Usiioshe Kwanza

Fundi mzuri wa magari pale Mugumu haanzi kwa kukuuliza gari lina tatizo gani. Anauliza umetokea wapi. Mgeni anaweza kudhani ni maneno ya kujuliana hali, kumbe uchunguzi umeshaanza. Katika wilaya za Tarime na Serengeti kila barabara ina namna yake ya kulitesa gari, na ukishataja njia uliyopita, mambo mengi yasiyohusika yamekwisha kuwekwa kando.

Aliyetoka Sirari amepita lami. Barabara kuu kutoka Mwanza inapita Bunda, inavuka Mto Mara kwenye Daraja la Kirumi, inapanda Tarime na kufika mpakani, ng'ambo yake Isebania ya Kenya. Kwenye lami ile gari linaachiwa mpaka kilomita 80 au 100 kwa saa, na maradhi yanayolala kwenye mwendo wa chini huamka huko: usukani unatetema mikononi, ukipunguza mwendo unatulia. Aliyetoka Nyamongo amekuja kwa vilima na kona, akipishana na magari makubwa ya upande wa mgodi wa North Mara. Huyo breki na bushi za mbele zimefanya kazi njia nzima. Aliyetokea Natta au Robanda, upande wa lango la Ikoma, amepita kwenye vumbi na mikunjo, na shokapu zake zinafaa kupapaswa kabla hazijapoa. Aliyetoka vijijini wakati wa masika, kwenye udongo mweusi unaonata, huulizwa swali la pili ambalo wengi hawalitegemei: "Ulikwama?" Akikubali, linafuata la tatu: "Kamba walifunga wapi?"

Hilo la kamba si la mzaha. Gari likizama topeni, wanaokuja kusaidia hufunga kamba kwenye chuma cha kwanza wanachokiona chini ya pua ya gari, na mara nyingi chuma hicho ni tairodi, ile fimbo inayofanya tairi za mbele zigeuke pamoja. Fimbo hiyo haikuundwa ili ivute gari zima kutoka kwenye matope. Inapinda kidogo, kiasi ambacho jicho la haraka halioni. Mwenye gari anashukuru, anawaachia vijana hela ya soda, anaondoka. Baada ya muda tairi zake mpya zinaliwa, naye anaanza kumlaumu aliyemuuzia tairi.

Kubadilisha kipuri ni kazi ya spana na nguvu, na Tarime nzima haina upungufu wa vijana wenye vyote viwili. Kinachonivuta mimi ni kutafuta. Gari jipya likigonga chini, mtuhumiwa huwa mmoja, vingine vyote vikiwa vizima. Gari la miaka 25 halina raha hiyo. Utikise kiungo chochote, kinacheza kidogo. Bushi zote zina nyufa, shokapu zote zimechoka, usukani una nafasi ya kidole kimoja kabla tairi hazijaitika. Hapo kuona kilichochakaa hakusaidii kitu, kwa kuwa vyote vimechakaa. Fundi anatakiwa ajue ni kipi kati ya hivyo kinacholeta sauti hii, kwenye mwendo huu, ukikanyaga breki namna hii. Asiyejua hubadilisha kimoja baada ya kingine mpaka sauti iishe au pesa ya mwenye gari iishe, na kwa kawaida pesa ndiyo hutangulia.

Kuna kosa la heshima ambalo wenye magari hulifanya: kuliosha gari kabla ya kulipeleka gereji. Fundi ninayemsema hapa, ambaye nimekaa sana kwenye benchi la gereji yake nikimtazama, hukunja uso akiletewa gari linalong'aa. "Mura, siku nyingine usiioshe kwanza." Vumbi la Serengeti ni shahidi wake. Palipofunikwa sawasawa hapana habari. Shokapu inayovuja hukamata vumbi likawa tope jeusi la mafuta, kuanzia kwenye sili kushuka chini. Nati iliyolegea huzungukwa na unga mwekundu wa kutu, maana vyuma viwili vinasagana chini yake. Chuma kinachoguswa na kingine pasipo haki hung'aa, na katikati ya uvungu wote wa kahawia alama hiyo humwita mtu hata akiwa amechuchumaa tu pembeni. Kwenye Land Cruiser za zamani anatazama pia lile tufe la chuma nyuma ya tairi la mbele, pale ekseli inapogeukia. Likiwa limelowa mchanganyiko wa grisi na oili ya difu, sili ya ndani imekwisha, na oili inaiosha grisi iliyopaswa kubaki humo. Yote haya anayaona bila kugusa spana. Ukipitisha maji ya presha, ushahidi wote umekwenda mtaroni.

Kisha anapanda gari. Mafundi wengi huanza kwa kuingia uvunguni. Yeye anataka kulisikia likitembea, na kwanza likiwa mikononi mwa anayelalamika. Anakaa kiti cha abiria, redio imezimwa, vioo vimeshushwa. Wakifika mwisho wa mji wanabadilishana.

Jambo la kwanza analolipima ni kama gari linavuta upande. Hapa ndipo wengi hutapeliwa, au hujitapeli wenyewe. Tanzania tunaendesha kushoto, na barabara hujengwa na mgongo katikati ili maji yaende pembeni. Gari zima kabisa likilegezewa usukani litateleza taratibu kuelekea kushoto, kwa kuwa barabara yenyewe imeinamia huko. Fundi husubiri njia iwe wazi mbele na nyuma, anapanda juu ya mgongo, ndipo analegeza vidole. Likiendelea kuvuta, harukii alaimenti. Wakirudi gereji anabadilishanisha tairi za mbele, ya kulia inakwenda kushoto na ya kushoto kulia, halafu anatoka nalo tena. Uvutaji ukihamia upande wa pili, ugonjwa uko kwenye tairi lenyewe. Usipohama, anashika rimu moja moja kwa kiganja. Iliyochemka kuliko mwenzake ina klipa ya breki iliyokwama, inafunga kidogo wakati wote. Ni baada ya hapo tu anapokubali neno alaimenti litajwe.

Sauti nazo zina ujanja wake. Mlio wa chuma hupita kwenye bodi na kutokea mahali pengine, kwa hiyo dereva anayeapa kwamba gari linagonga mbele kulia anaweza kuwa anasikia bushi ya nyuma kushoto. Fundi anazitenganisha kwa kutumia tuta la barabarani. Anapita kwanza tairi mbili za mbele zikipanda kwa pamoja. Kisha anageuza, anarudi na kulipita mshazari, tairi moja ikitangulia. Kile chuma kiitwacho stabilaiza, kinachozuia gari lisilale kwenye kona, hujipinda pale tu upande mmoja unapopanda bila mwingine. Kwa hiyo gari likinyamaza kwenye tuta lililopitwa sawasawa na kugonga kwenye tuta la mshazari, macho yanakwenda kwenye vile vifimbo vidogo vya stabilaiza. Likigonga mara zote mbili, tafuta shokapu au kiti chake cha juu. Likinyamaza mara zote mbili na kugonga unapofunga breki polepole, kisha likagonga tena unapofunga breki ukirudi nyuma, ni bushi ya mkono wa chini, ile ya nyuma: mkono wote unasogea mbele na nyuma ndani ya raba iliyokufa. Hajatumia kifaa chochote hapo zaidi ya tuta.

Ajabu kwangu ni jinsi anavyojizuia. Akishasikia, hasemi. Nimemwona akirudia tuta lilelile mara kadhaa huku mwenye gari akihema kwa haraka yake, na mwishowe akasema tu, "Turudi." Wateja wetu wanalipa kwa kinachoonekana: kipuri kipya kimetoka kwenye boksi, cha zamani kimetupwa pale chini, haya pesa hiyo. Saa nzima ya kutafuta hawaihesabu kuwa kazi. Kwa maoni yangu hilo ndilo linaloharibu ufundi wa miguu ya gari katika nchi hii kuliko spea mbovu. Fundi anayelipwa kwa kubadilisha peke yake atabadilisha. Wachache wameanza kudai hela ya uchunguzi kabla ya kugusa nati, na wanaitwa wezi. Mimi ningewalipa kabla ya kulipa kitu kingine chochote.

Uvunguni anaingia na kijana wa kumsaidia amekaa kwenye usukani. Injini inawashwa ili nguvu ya pawa stelingi iwepo, tairi zikiwa chini, zimebeba uzito wake wote. Kijana anaelekezwa azungushe usukani kidogo tu, kulia na kushoto, bila kukoma, kama mwanya wa vidole viwili. Fundi anapitisha mkono kiungo kwa kiungo, kuanzia usukani unapoteremka hadi kwenye tairi. Kila kiungo anakishika ili kiganja kiguse pande zake zote mbili, upande unaosukuma na upande unaosukumwa. Vikienda pamoja, kizima. Upande mmoja ukitangulia na mwingine ukachelewa, hata kwa sehemu ya milimita, kidole kinahisi mgongo mdogo ukipita chini ya ngozi. Jicho huwa halioni hilo, ndiyo maana utamkuta amefumba macho au anatazama pembeni, anaongea habari za mnada wa ng'ombe huku mkono unasoma.

Jeki inafuata, na hapa hutofautiana mafundi wanaojua na wanaoiga. Kuinua gari ni kuinua, wengi hudhani, popote pale. Sivyo. Probox, Corolla na ndugu zao zina mguu wa mbele ambao shokapu na springi vimekaa pamoja juu, muundo uliobuniwa na Mmarekani Earle MacPherson miaka ya 1940. Kwenye muundo huo boljointi ya chini haibebi uzito wa gari, kwa hiyo unainua bodi, mguu unaning'inia, na boljointi mbovu inajionyesha ukiisukuma kwa mtaimbo. Lakini Mark II ya enzi za GX100 ina mikono miwili, wa juu na wa chini, na springi imekaa juu ya ule wa chini. Ukiinua bodi, springi inausukuma mkono chini na kuikaza boljointi. Itaonekana nzima hata kama imebakiza siku chache. Hapo jeki inakaa chini ya mkono wenyewe, karibu na tairi, ili kiungo kilegee na kusema kweli. Nimeona gari likitangazwa zima kwa sababu ya mahali jeki ilipowekwa tu.

Tairi ikiwa hewani, anaishika juu na chini na kuitikisa, kisha kulia na kushoto. Ikicheza kulia na kushoto peke yake, ni upande wa tairodi au reki ya usukani. Ikicheza juu na chini, watuhumiwa ni beringi ya tairi au boljointi, na kuwatenganisha ni kazi ya mguu wa yule kijana: "Kanyaga breki." Breki ikishikwa, diski na klipa vinafungana, na mchezo wa beringi unatoweka. Ukibaki, beringi haina kosa.

Kuhusu ile mikunjo ya barabara ya vumbi, iliyojipanga kama bati la paa, madereva wa Serengeti wana elimu yao. Polepole sana gari linapanda na kushuka kila mkunjo. Katikati linatikisika hadi meno yanagongana. Ukifika kama kilomita 70 tairi zinaruka kutoka kileleni hadi kileleni na ndani kunatulia. Ndani ya hifadhi mwendo wa mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na madereva wa watalii watakuambia, bila kuvunja sheria bila shaka, kwamba huo ndio mwendo mbaya kuliko yote. Utulivu wa kasi kubwa nao ni wa uongo: tairi linalogusa vilele tu halishiki barabara, na kwenye kona mkia wa gari hutangulia.

Watu wengi huamini mikunjo hiyo inaletwa na magari yenye springi mbovu. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha majaribio ambayo yalionyesha kwamba hata gurudumu lisilo na springi kabisa, likiburutwa juu ya mchanga, huchora mikunjo ileile likizidi mwendo fulani, na chini ya mwendo huo mchanga unabaki tambarare. Kwa hiyo barabara ya Natta inajikunja kwa sababu tunapita haraka, na ingejikunja hata kama magari yote yangekuwa mapya. Kinacholipa gharama ni shokapu. Kazi yake ni kugeuza mtikisiko kuwa joto, na fundi wetu anautumia ukweli huo kwa kiganja. Gari likifika moja kwa moja kutoka kwenye mikunjo, kabla dereva hajashuka, anapita akigusa shokapu nne. Iliyo moto imefanya kazi. Iliyo baridi imekufa, imebebwa tu kama abiria asiyelipa. Ile desturi ya kubonyeza boneti kwa mikono na kuhesabu gari linavyoruka anaidharau kidogo; inakamata iliyokufa kabisa, anasema, inayoumwa inapita.

Ufundi huu una historia ndefu kuliko magari yenyewe. Mwaka 1817 mtengenezaji wa magari ya farasi wa Munich, Georg Lankensperger, aligundua namna ya kufanya gurudumu la ndani ya kona ligeuke zaidi kuliko la nje, kwa kuwa linazunguka duara dogo zaidi. Mwaka uliofuata wakala wake, Rudolph Ackermann, akaiandikisha hataza yake Uingereza, na mpaka leo jina lililobaki ni la wakala. Pembe hizo ndizo zinazovurugika tairodi ikipindishwa na kamba ya kukwamulia. Kwetu Afrika Mashariki, aliyeonyesha thamani ya kulijua gari kuukuu ni Joginder Singh, Singasinga wa Kenya aliyekulia kwenye ufundi kabla ya kujulikana kwa jina la Simba wa Kenya. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda mbio za Safari kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika, mbele ya magari mapya ya viwanda. Dereva mzuri alikuwa, hakuna ubishi, lakini dereva aliyejua kila nati ya gari lake ilikokaa.

Sasa nieleze gari moja, maana hapo ndipo nilipoona kazi yote kwa pamoja. Lilikuwa Land Cruiser pikapu la zamani, la ule mfululizo wa 70 ulioanza kutoka kiwandani mwaka 1984. Yale ya kazi nzito ya kabla ya 1999 yana springi za bapa hata mbele, na hili lilikuwa mojawapo. Lilikuwa likibeba magunia kati ya Mugumu na Nyamongo, na watu juu ya magunia. Mwenye nalo, mzee wa makamo ya juu, alikuja amechoka. Likifika mwendo wa kama kilomita 60 na kugonga shimo moja, usukani ulianza kuyumba kulia na kushoto kwa nguvu kiasi cha kutaka kumvunja mikono, na halikutulia mpaka asimame kabisa. Gereji nyingine zilikuwa zimekwisha kumbadilishia ncha za tairodi, kumfanyia balansi, na mwisho kumfungia shokapu mpya ya usukani, ile inayolala mlalo mbele ya ekseli. Ile ya mwisho ilimtuliza kwa muda, halafu yakarudi vilevile.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mura. Nimeambiwa wewe ndiye wa mwisho. Ukishindwa nauza."

"Usiuze. Hiyo shokapu mpya ya usukani, niruhusu niitoe kwanza."

Mzee aliduwaa, ndicho kipuri kilichomgharimu zaidi. Lakini fundi alikuwa na sababu. Shokapu ile huwekwa ili kumeza mishtuko midogo, na ikiwa mpya inaweza kuufunika ugonjwa. Alitaka kuusikia bila kizibo. Aliendesha taratibu nje ya mji, akagonga shimo moja dogo kwa makusudi, gari likaanza kucheza, akasimama. Haikuhitajika zaidi.

Jeki iliwekwa chini ya ekseli. Tairi la kushoto lilicheza juu na chini. "Kanyaga breki." Likaendelea kucheza. Beringi ya tairi ikatoka kwenye orodha, na ili asibaki na shaka aliifungua na kuikaza upya kwa kipimo, akajaribu tena: bado. Kwenye gari hili hakuna boljointi ya kawaida. Tairi linageukia kwenye beringi mbili ndogo, juu na chini ya lile tufe, ambazo mafundi wanaziita kingipini. Zinatakiwa zikazwe kiasi, zisilegee hata kidogo lakini zisibane. Zikilegea, tairi linapata uhuru wa kuyumba, na kwenye ekseli ngumu inayounganisha tairi zote mbili, moja ikiyumba inaiambukiza nyingine.

Kukisia angeweza kukisia hapo hapo. Badala yake alitenganisha tairodi, akatoa tairi, akaja na mizani ya ndoano, ya aina ileile ya kupimia nyama na samaki sokoni. Akaifunga kwenye mkono wa usukani na kuivuta polepole, akisoma ni kilo ngapi zinahitajika kabla kichwa cha tairi hakijaanza kugeuka. Upande wa kulia mshale ulipanda, ukasita, ndipo chuma kikageuka. Upande wa kushoto kiligeuka kabla mshale haujatoka mahali pake. Hakuna aliyehitaji maelezo, hata mzee aliyekuwa ameinama pembeni na kofia mkononi.

Beringi za kushoto zilipotolewa zilikuwa na vidonda, vishimo vilivyojipanga, kwa sababu kingipini haizunguki duara zima. Inageuka kidogo huku na huku miaka yote, ikichimba palepale. Alifunga mpya pande zote mbili, akawa anapunguza shimu moja moja, zile sahani nyembamba chini ya kifuniko, na kupima kwa mizani kila alipokaza, mpaka kulia na kushoto kukalingana. Kazi hii ilimaliza mchana. Mwenye duka la jirani alikuja kuuliza kama gari limekufa.

Halafu alifanya jambo ambalo wengi huliruka. Kabla ya kukaza boliti za springi alilishusha gari chini, likasimama kwa tairi zake na uzito wake wote. Bushi ya raba ikikazwa mguu ukiwa unaning'inia hewani, gari likishuka raba inabaki imejipinda hata likisimama, na haichelewi kupasuka. Kijana mmoja wa gereji, aliyesoma VETA kabla ya kuja kujifunza kazi hapo, aliniambia jambo hilo lilikuwa kwenye madaftari yake ila hakuwa amewahi kuona mtu akilifanya.

Mwisho ilikuwa alaimenti, kwa futi ya kamba. Gari lilisukumwa mbele kidogo kwa mikono ili miguu itulie. Ukipima mara tu baada ya kulishusha utapima uongo, maana tairi zimekaa kwa kujibana. Alama ya chaki kwenye mfereji uleule wa kila tairi la mbele, umbali ukapimwa upande wa mbele wa tairi, gari likasukumwa mpaka alama zikawa nyuma kwa kimo kilekile, ukapimwa tena. Kwenye gari la namna hii mbele kunatakiwa kuwe kwembamba kwa milimita chache tu. Mashine za kompyuta zipo mijini na ni bora, hakuna anayekataa, lakini mashine hiyo ikipima gari lenye kingipini zilizolegea itatoa karatasi nzuri yenye namba za uongo.

Walipotoka kulijaribu mara ya pili fundi alikaa nyuma juu ya bodi, mzee akaendesha. Shokapu ya usukani ilikuwa bado iko gereji sakafuni. Shimo lilelile likagongwa kwa mwendo uleule. Usukani ukatikisika mara moja ukanyamaza. Waliporudi aliorodhesha yaliyobaki, kwa mpangilio wa kuua. Ubapa mmoja wa springi ya nyuma kulia una ufa. Huo usibebeshwe mzigo mpaka ubadilishwe, kwa sababu ukikatika ekseli itasogea na gari litatembea upande. Ncha ya tairodi ya kulia, ambayo wenzake waliifunga mpya, ilikuwa imekazwa bila pini ya kufungia nati, ameiweka. Mlio wa nyuma kushoto ni bushi ya shokapu, unaudhi lakini hauui, ungoje pesa.

"Na hii shokapu mpya?" mzee akauliza, akiionyesha kwa kidole cha mguu.

"Naifunga, mzee. Ni nzima. Ila tu haikuwa dawa ya ugonjwa wako."

Wakapatana kwamba gari lifanye safari moja ya Nyamongo na mzigo nusu, kisha lirudi boliti za springi zikazwe upya, kwa kuwa bapa zikishabebeshwa hukaa chini kidogo na nati zinalegea. Mzee aliuliza kama aje asubuhi au jioni. Fundi akamwambia aje wakati wowote, ila asipitie kwa waosha magari.